Pumzi ya Mtia Dhahabu

Jumatano ile ya Machi, mwaka 1438, nilikuwa natia dhahabu kwenye simba.

Ukurasa ulikuwa wa kitabu cha wanyama ambacho konventi yetu ya Orsenne ilikuwa inamtengenezea bwana mmoja wa Dijon. Sista Perrenelle alikuwa amemaliza kuuchora wiki moja kabla. Simba jike amelala, na mbele yake watoto watatu waliozaliwa wafu, kama maandishi yanavyosema. Mama yao huwalinda siku tatu. Siku ya tatu baba yao huja, akawapulizia usoni, nao wakafufuka. Ndivyo Baba alivyomfufua Mwana, na ndiyo sababu simba yumo kitabuni, pamoja na ndege anayejichoma moto akazaliwa upya na yule anayejitoboa kifua ili damu yake iwaamshe makinda. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona simba. Perrenelle alimchora kwa kumtazama mbwa wa bawabu, na bawabu alipoonyeshwa ukurasa alimwita mbwa wake kwa jina.

Sehemu yangu ilikuwa pumzi. Kutoka kinywani mwa simba dume ulichorwa mstari mwembamba mpaka puani mwa kila mtoto, na mistari hiyo mitatu ilitakiwa iwe ya dhahabu. Jani la dhahabu halishiki kwenye plasta kavu, ile chokaa laini inayopakwa kwanza chini yake. Unaweka mrija wa tete mdomoni, unaipulizia plasta pumzi ya moto kutoka chini kabisa ya kifua, mpaka unyevu wake uilainishe. Kisha unabana pumzi, kwa sababu jani la dhahabu ni jepesi na ukihema karibu nalo linaruka. Unalilaza. Linashika. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya miaka kumi na tisa. Muda tunaupima kwa Baba Yetu, kimoyomoyo. Wengi hubana pumzi kwa Baba Yetu mbili. Mimi nilifika tano.

Nilikuwa nimemaliza watoto wawili wa simba wakati mlango ulipogongwa. Alikuwa Mengin, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Jacotte. Mengin anatengeneza ngozi za kuandikia. Hata ukurasa uliokuwa mbele yangu ulitoka kwake. Kwa kawaida akija huanza na utani, huniuliza nimeshakula dhahabu kiasi gani kwa bahati mbaya. Siku hiyo alisimama na chokaa mpaka viwikoni na hakutania. Jacotte alikuwa amejifungua alfajiri. Mtoto wa kike. Hakulia.

Alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza walizikwa shambani nyuma ya mashimo ya chokaa ya Mengin, wanakofukiwa ndama waliokufa, kwa sababu mtoto asiyebatizwa hapewi ardhi ya kanisa, na maiti haibatizwi. Asiyebatizwa hamwoni Mungu. Mama yake hatakutana naye, hata siku ya mwisho.

Katika kanisa letu kuna altare ya Bikira ambako mtoto wa namna hiyo hulazwa na unyoya juu ya midomo. Masista wanaimba. Unyoya ukitikisika, roho imerudi kwa muda mfupi. Padri anabatiza papo hapo, mashahidi wawili wanaapa, kisha mtoto anakufa tena na kuzikwa kama Mkristo. Mara nyingi hautikisiki. Kwa watoto wote wawili wa kwanza Jacotte alinitumia ujumbe niombe nafasi kwenye altare ile. Mara zote mbili nilimjibu akubali mapenzi ya Mungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kazi mezani, na sikutaka kuinuka.

Mara hii hakutuma ujumbe. Alikuwa tayari langoni, amelala kwenye mkokoteni wa kubebea ngozi, na mtoto ndani ya blanketi.

Mshika unyoya wetu ni Perrenelle, lakini siku hiyo alikuwa kitandani na homa. Mama Mkuu alinipa mimi unyoya. Kuna aliyenong'ona kwamba mimi ni ndugu. Mama Mkuu alijibu kwamba mtu aliyezoea dhahabu anajua kuizuia pumzi yake, na kwa hiyo hakuna atakayesema tumedanganya. Alisema hivyo mbele ya wote.

Padri Aubry aliweka makaa pande mbili za altare. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba tulipoimba kila mdomo ulitoa moshi. Tuliimba mara tatu. Unyoya wa bata bukini ulilala juu ya midomo ya mtoto kama ulivyowekwa. Midomo ilikuwa na rangi ya zabibu. Padri alitazama mshumaa, na nilijua akishautazama mara ya pili atafunga kitabu chake. Jacotte alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, damu imemfika kwenye soksi. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa ananitazama mimi.

Mrija ulikuwa ndani ya mkono wa kanzu yangu. Niliondoka nao mezani bila kukusudia. Au nilikusudia, nimejiuliza mara nyingi. Niliinama kama mtu anayetaka kuona kwa karibu, nikaufikisha mdomoni nyuma ya shela, nikapuliza kama ninavyopulizia plasta.

Unyoya uliinuka.

Mama Mkuu alisema kwamba mtoto anapumua. Padri Aubry alimwaga maji na kumpa mtoto jina la Alix. Kisha mimi na Mama Mkuu tuliweka mikono juu ya Injili tukaapa. Mama Mkuu aliapa alichokiona. Mimi pia niliapa.

Nilirudi nyuma hatua mbili, mrija umesharudi kwenye mkono wa kanzu. Kilichobaki kilikuwa kungoja dalili zikome, padri atangaze kifo, tumpeleke makaburini. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria mstari wa tatu wa simba.

Unyoya uliinuka tena.

Nilidhani ni upepo wa mlangoni. Nikabana pumzi ili nisikilize. Unyoya ukalala. Nikapumua. Ukainuka. Nikabana. Ukalala. Nilifanya hivyo mara sita. Masista walikuwa wanalia kwa furaha, na kila aliyelia alitoa moshi mdomoni. Mtoto hakutoa moshi.

Padri hamziki mtoto anayepumua mbele ya macho yake, kwa hiyo hakumzika. Kengele ilipigwa. Jacotte alirudi mjini kwenye mkokoteni uleule, akiwa amemkumbatia binti yake, na wanawake wa Orsenne wakimfuata na mishumaa.

Alhamisi mchana alipanda kilima kwa miguu yake, siku moja tu baada ya kujifungua, akiegemea ukuta. Tulikaa kwenye dirisha la wageni, nondo kati yetu. Mtoto alikuwa amefungwa vitambaa mpaka kidevuni na unyoya uko pale pale, umeshikizwa na uzi. Kabla ya salamu Jacotte alitaka kujua nilifanya nini baada ya chakula. Nikamwambia nilibeba maji kutoka kisimani, ndoo mbili, mpaka jikoni.

"Ndiyo maana," alisema. "Alihema kama mbwa."

Nilirudisha mikono ndani ya kanzu.

"Niliuona mrija, dada. Nilikuwa chini. Mkono wa kanzu yako, mtu akiuangalia kutoka chini, ni kama mlango wa zizi."

Alitabasamu alipolisema hilo. Kisha akanipa masharti, moja moja, kwa sauti ndogo ili sista wa lango asisikie. Nisibebe maji. Nisipande ngazi ya mnara. Niache kuimba sauti ya juu kwa sababu inamchosha mtoto. Nilale kwa ubavu, maana nikilala chali nakoroma, na Alix usiku ule alikoroma. Akasema nikianza kukohoa atakuja anikabe mwenyewe. Tumeongea hivyo tangu utotoni, yeye na mimi, na alikuwa ameanza kucheka. Halafu akalisikia alilolisema. Kicheko kilikatika.

Nilimwambia mtoto hanyonyi. Akasema atanyonya. Nilimwambia hafungui macho.

"Si wewe unayemchora simba?" alininong'oneza. "Mengin kaniambia. Leo ni siku ya pili, Oudotte. Kwa nini una haraka?"

Nilijaribu kumwambia kwamba yale ni mafumbo, kwamba simba ni ishara ya Bwana wetu na hakuna mtu anayeutumia ukurasa ule kama dawa. Alinisikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtu asiyejua kazi yake mwenyewe. Kisha akamwinua mtoto mpaka kwenye nondo, uso wake karibu na wangu. Kulikuwa na harufu ya siki. Moyo wangu ulienda mbio na pumzi ikawa fupi. Unyoya ukaanza kupepea.

"Ona," Jacotte alisema. "Amekutambua."

Ijumaa asubuhi nilirudi kwenye ukurasa. Nilipulizia plasta ya mstari wa tatu kwa muda wa Baba Yetu nzima. Haikulainika. Nililaza jani la dhahabu, likateleza kama limewekwa juu ya kioo. Nikapuliza tena. Nikaweka kiganja mbele ya mrija. Sikuhisi joto lolote.

Mengin alikuja kabla ya saa sita akiwa na ngozi nne begani, ambazo hakuna aliyeziagiza. Alizitua, akasubiri masista wengine watoke. Hakuwa amelala.

"Shemeji, mimi ni mtu wa ngozi," alisema. "Naletewa mnyama wa leo, naletewa wa juzi. Naangalia tumbo, nanusa, najua kama ngozi bado inafaa au imeshakwenda. Ikishakwenda hakuna chokaa inayoirudisha."

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ngozi ya juu.

"Ile imekwenda tangu jana. Na bado inapumua."

Kuhusu mrija hakujua kitu. Aliniomba tu niende nikaongee na mke wake, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Mama Mkuu alinipa ruhusa bila kuuliza maswali. Alifikiri naenda kufurahi nao.

Kutoka konventi mpaka kwa Mengin ni mwendo mfupi wa kuteremka. Njia nzima nilipima. Nikimweleza Padri Aubry ukweli, ubatizo unakuwa si kitu, na Alix anakwenda shambani kwa ndugu zake, pamoja na ndama. Nikinyamaza, ataendelea kuoza huku akipumua kwa pumzi yangu mikononi mwa mdogo wangu, leo na kesho na siku zote nitakazoishi. Kulikuwa na njia ya tatu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi miaka kumi na tisa.

Jacotte alikuwa amefungua dirisha na kuchoma majani ya rozimari. Nje ngozi zilikuwa zimewambwa kwenye fremu juani. Alinipokea kwa furaha, akanishika mkono, akanipeleka kwenye susu alimolala mtoto. Siku ya tatu, alisema. Alikuwa amevaa nguo ya sikukuu.

Nilimtazama mtoto. Midomo ilikuwa imekauka na kurudi nyuma. Mashavu yalikuwa na madoa. Kwenye kifundo cha mkono, kitambaa kilipokaza, ngozi ilikuwa imechunika kama soksi inayovuliwa. Unyoya ulipanda na kushuka. Taratibu. Sawasawa na mimi.

Nilisema nataka kusali. Nikaketi kwenye kigoda. Nikafunga mdomo.

Baba Yetu ya kwanza. Unyoya ulilala. Jacotte alikuwa anakunja vitambaa, amenipa mgongo.

Ya pili. Aligeuka.

Hakutazama susu kwa muda mrefu. Alitazama kifua changu.

"Pumua, dada," alininong'oneza.

Ya tatu. Alinishika mabega.

Ya nne. Alinipiga mgongoni, kama anavyopigwa mtu aliyekwamwa na mfupa. Mengin alisimama mlangoni. Aliona mke wake ananipiga, nadhani alifikiri tunagombana kwa huzuni. Hakusogea.

Ya tano. Jacotte aliingiza vidole kati ya midomo yangu. Nilikaza meno.

"Pumua. Oudotte, pumua. Unamuua."

Ndani ya susu mdomo wa Alix ulifunguka. Ulifunguka wote, kama wa kinda. Unyoya ulianguka pembeni.

Ya sita. Sijawahi kufika ya sita. Macho yangu yalianza kuingia giza pembeni, lakini katikati niliona vizuri, na ninachokisema nilikiona. Kope za mtoto zilitengana. Macho yalikuwa ya kijivu. Yalizunguka, yakanitafuta, yakanipata. Hayakuwa macho ya kitu kilichooza. Alikuwa ananitazama kama mtoto mchanga anavyomtazama mtu yeyote anayemwinamia.

Sikupumua.

Hilo sijalisema kwa padri yeyote. Uongo wa mrija ningeweza kuuungama na kupewa kitubio. Lakini niliona macho yamefunguka, siku ya tatu, na nilikuwa bado na nguvu ya kufungua mdomo. Niliendelea kuhesabu.

Nilizinduka sakafuni, Mengin ananimwagia maji. Jacotte alikuwa amepiga magoti kwenye susu. Aliinua kidole gumba, akakishusha, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Alikuwa anafumba macho ya mtoto. Sikuwa nimeyaota.

Padri Aubry alimzika Jumamosi chini ya ukingo wa paa la kanisa, upande wa kaskazini, wanakozikwa watoto wadogo ili maji ya mvua yanayotoka kwenye paa takatifu yawadondokee. Mji mzima ulihudhuria. Siku tatu za uhai zilikuwa muujiza mkubwa kuliko yote ambayo altare ile imewahi kutoa. Mpaka leo wanawake wanaopanda kilima na vifurushi vyao huomba niguse vifurushi hivyo, na Mama Mkuu huniita nije. Naja. Nagusa. Mstari wa tatu wa simba Perrenelle aliupaka rangi ya manjano nilipomwambia dhahabu imekwisha, na bwana wa Dijon hakuona tofauti. Kazi ya dhahabu imepewa sista mwingine. Mimi sasa nachora mistari ya kuandikia.

Jacotte hakunisemesha miezi tisa. Alikuja kaburini kila siku na kupita mbele ya dirisha la chumba cha kuandikia bila kugeuza kichwa. Mengin aliniambia mke wake hampigii kelele, anakula vizuri, anafanya kazi zake, ila nyumbani amekataza mtu yeyote kuzungumza kwa sauti.

Desemba theluji ilianguka siku mbili mfululizo na baridi ikakaza. Makaburi yote yalifunikwa. Siku ya tisa ya baridi hiyo, mchana, bawabu aliniita nje nikaone kitu. Juu ya kaburi la Alix, upande wa kichwa, kulikuwa na kishimo kwenye theluji. Kipana kama kidole gumba. Kimekwenda chini wima mpaka kwenye udongo. Bawabu alisema ameona vya namna hiyo msituni, juu ya mashimo ya wanyama wanaolala msimu wote wa baridi. Ndivyo wawindaji wanavyowapata. Padri Aubry alipokuja alisema ni tone la paa. Nikatazama juu. Ukingo wa paa ulikuwa umeganda tangu Jumapili, hakuna kilichodondoka. Na kingo za kishimo zilikuwa zimeyeyuka kutoka chini.

Walipoondoka nilipiga magoti. Niliusogeza uso. Kulikuwa na joto, kidogo sana, likaja, likakatika, likaja.

Nilibana pumzi.

Joto likakatika. Nikaanza kuhesabu. Kwenye Baba Yetu ya pili utando mwembamba wa barafu ulianza kujengeka ukingoni. Kwenye ya tatu ulikuwa umefika nusu. Nilikuwa na nguvu bado, ningeweza kufika ya sita, na sikujua kama ninachokifanya ni kumwachia alale au ni kumuua mara ya pili. Nikasikia nyayo kwenye theluji. Mkono ukawekwa mgongoni kwangu. Haukupiga. Ulisugua, polepole, kama unavyosugua mgongo wa mtoto mpaka acheue.

Nilipumua. Utando ukalainika, ukatoboka.

Jacotte alivua shali yake akanifunika nayo mabega, akaikaza shingoni.

"Rudi ndani, dada," alisema. "Usije ukapata kifua."